Okidi ikishamaliza maua: ukate wapi, uhamishe chungu lini, na kwanini ya Arusha sio ya Moshi

Okidi mbili nyeupe, tumenunua siku moja kwa mama mmoja anayeuza miche barabarani Tengeru, elfu 45 kila moja, na tulijiona wajinga kweli maana hela ile ni ya kuku wawili wa kienyeji. Moja ikabaki kwangu Sekei hapa Arusha, nyingine dada akapanda nayo Kosta mpaka Moshi, ameipakata kama mtoto mchanga, anamwambia kila anayekaa pembeni yake "angalia usiniguse hapa".

Maua yalikaa karibu miezi 3. Yalipoanza kudondoka moja moja ndo mabishano yakaanza. Dada ananitumia voisi: "Mdogo wangu, mi hili bua nalikata lote mpaka chini, limekaa kama la mahindi yaliyovunwa." Namwambia dada subiri, bado la kijani hilo, usikate. Hakusubiri. Mi la kwangu nikalikata nusu, juu ya jicho, kama nilivyoelekezwa. Kwa hiyo bila kupanga tukajikuta na shamba la majaribio la mimea miwili, na huu ni mwaka wa 3 sasa, naona naweza kusema kitu, maana watu wananiuliza sana nikate au nisikate, nihamishe au niache, magome au mkaa, na ukimjibu mtu "inategemea" anakuona unamficha. Inategemea nini sasa? Mi naona vitu viwili tu, baridi ya unapoishi, na mkono wako wa maji. Huo wa pili ndo mzito zaidi. Kuna mtu akipita na jagi lazima amwagie kila kitu kilicho kijani, na kuna mtu anasafiri wiki 2 anasahau hata kama ana maua nyumbani. Ujijue kwanza uko upande gani.

Nazungumzia hasa ile okidi ya kawaida, majani mapana manene, maua kama kipepeo, kitaalamu ni Phalaenopsis. Asili yake misitu ya joto ya Asia, kule Indonesia na Ufilipino, na kwao haioti ardhini, inakaa juu ya mti imeshika gome kwa mizizi, mvua ikinyesha inalowa, upepo ukipiga inakauka. Haimnyonyi mti damu, imepanga tu pale. Hilo la kupanga juu ya mti liweke kichwani maana kila ninachosema chini kinatoka hapo.

Bua: kukata chini, kukata juu ya jicho, au kuliacha

Lile bua lililobeba maua lina pingili kama muwa, na kila pingili ina jicho lililofunikwa na kigamba kidogo cha pembetatu. Kama bua limekauka likawa la kahawia hakuna mjadala, kata chini kabisa, acha sentimita 1 au 2. Mjadala uko kwenye bua la kijani.

Ukihesabu kutoka chini ukakata juu ya jicho la 2 au la 3, ukaacha kama sentimita 1 juu yake, mara nyingi lile jicho linaamka na kutoa tawi la maua ndani ya miezi 2 au 3. Ndo nilichofanya. Nikapata maua manne, madogo, ila nilifurahi nikapiga picha nikamrushia dada na maneno ya kejeli kidogo. Shida ikaja nyuma yake. Mmea wangu ulikuwa na majani manne tu na mizizi ya mashaka, na chakula chote ulichotengeneza ukakipandisha kwenye maua, jani la chini likalegea likawa njano, la juu yake likafuata, na msimu mzima uliokuja haukutoa kitu.

Ya dada iliyokatwa chini ilikaa kimya. Miezi kadhaa anaangalia majani, ananiuliza "hivi tulinunua ua au tulinunua sukumawiki?" Lakini mmea ukatoa majani mawili makubwa kuliko ya mwanzo, mizizi minene mipya ikatokeza mpaka nje ya chungu, na bua jipya lilipokuja lilikuwa na maua 11. Nilihesabu mwenyewe nilipoenda, sikutaka kuamini picha.

Sasa usije ukasema basi kukata chini ndo sahihi siku zote, hapana. Kama okidi yako ina majani 5 au 6 magumu yaliyosimama, na mizizi ukiiminya ni migumu, kukata juu ya jicho ni bonasi, chukua, mmea unaweza kumudu. Ikiwa na majani 3 au 4, au yamekunjamana kama ngozi ya mzee, kata chini bila huruma, unaipa likizo. Watu wengi wanakosea hapa kwa sababu wanaangalia bua, wakati wa kuulizwa ni majani na mizizi.

Na kuliacha lilivyo? Inakubalika. Wakati mwingine ncha inaendelea kutoa vitumba taratibu, kimoja kimoja, sio vingi. Na wakati mwingine jicho badala ya kutoa maua linatoa mtoto, mmea mzima mdogo na majani yake, kama mgomba unavyotoa mtoto pembeni ila huyu anatokea hewani katikati ya bua. Ukimuona usimkate mapema. Subiri awe na majani mawili matatu na mizizi kama mitatu ya urefu wa sentimita 5 au zaidi, ndo unamkata na kipande cha bua unampanda peke yake. Kwangu hajawahi kutokea hata mmoja. Dada anao wawili na hanipi.

Halafu kuna suala la mji. Arusha tuko kwenye mita 1,400 hivi, mwezi wa 6 mpaka wa 8 mawingu yanakaa siku nzima na usiku unatafuta blanketi la pili. Okidi hii ili ianze kutoa bua inahitaji wiki kadhaa za ubaridi, mchana usizidi sana nyuzi 26 hivi, ikikaa kwenye joto la 28 kwenda juu muda wote inaendelea kutoa majani tu, majani mazuri ya kung'aa, na maua hakuna. Kwa hiyo sisi wa Arusha tukikata bua chini mwezi wa 1 au wa 2 hatupotezi kitu kikubwa, baridi ya mwezi wa 6 inakuja yenyewe bure kutuletea lingine. Moshi mjini iko chini, mita 800 na ushee, joto lake unalijua, na msimu wa ubaridi ni mfupi. Mtu wa Moshi kila bua la kijani ni la thamani, namuelewa kabisa akitaka kubana jicho la mwisho.

Dada alifaulu kwa sababu ana baraza linaloangalia mlima, jua la mchana halifiki, na mwezi wa 7 anaiacha hapo usiku badala ya kuirudisha sebuleni. Jirani yake ana mbinu nzuri zaidi, okidi zake anazipeleka kwa mama yake Marangu mwezi wa 6 zinakaa dirishani kule mwezi mzima halafu anazirudisha. Wachaga wengine wanapanda kijijini Desemba, okidi zinapanda Juni. Angalia tu zisilale nje kwenye baridi kali, chini ya nyuzi 13 hivi zinaanza kuumia, majani yanapata mabaka ya kubonyea.

Kuhamisha chungu au kuiacha hapo hapo

Ukinunua okidi imechanua usihamishe siku hiyo. Najua mkono unawasha. Mi ya pili niliyonunua niliihamisha ikiwa na vitumba 6, nikajiona fundi, ndani ya siku 10 vitumba vyote vikageuka njano vikaanguka kabla ya kufunguka. Iache imalize maua yake, umwagilie kwa adabu, halafu ndo ufungue uone kilichomo.

Na lazima ufungue, hata kama kwa nje iko freshi. Nyingi zinakuja na kitu katikati hukioni, ile kofia ya sfagnamu (mmea laini wa kinamasi uliokaushwa) au sponji waliyooteshea mche ukiwa mdogo, imebaki katikati ya mizizi na juu yake wamezungushia magome. Nje panakauka, katikati pamelowa wiki nzima, mizizi inaoza kuanzia ndani na wewe unaona majani yanalegea unadhani ina kiu unaongeza maji. Hivyo ndivyo ya kwangu ya kwanza ilivyotaka kufa. Hiyo kofia itoe yote, taratibu, kwa kibano cha nyusi kama huna kingine.

Baada ya hapo kuhamisha ni kila mwaka mmoja na nusu au miwili, ila usifuate kalenda, fuata harufu. Weka pua kwenye chungu. Magome mazima yananukia mti, yakioza yananukia uyoga na udongo wa msituni, ukiyabonyeza yanasagika. Yakifika hapo hayana hewa tena, hamisha. Mmea ukiutikisa ukacheza kama jino la mtoto, hamisha, maana yake mizizi ya ndani imeisha. Lakini mizizi kutokeza nje ya chungu peke yake sio sababu, hiyo ni tabia yake, inatafuta hewa, wala usihangaike kuisokomeza ndani utaivunja. Ikiwa ya rangi ya fedha ina kiu, ikiwa ya kijani imeshiba, yaani ni kipimo cha bure.

Lini? Arusha mi nasema mwezi wa 1 mwishoni mpaka wa 2. Maua ya mwaka jana yameisha, joto lipo, mizizi mipya inaanza kutoa ncha za kijani, na masika bado hayajafika. Ukihamisha mwezi wa 6 na baridi hii vidonda vinachukua muda mrefu kupona, chungu hakikauki, unaozesha. Kosa hilo nimelifanya. Moshi una uhuru zaidi, karibu mwezi wowote usio na maua unafaa, ila ule wa joto kali la kuanzia mwezi wa 1 iweke kivulini haswa baada ya kuhamisha maana mizizi iliyokatwa haiwezi kunywa haraka kama majani yanavyopoteza maji.

Kazi yenyewe fupi. Loweka chungu dakika 20 au 30 mizizi ilainike, toa, ng'oa uchafu wote wa zamani, halafu minya mzizi mmoja mmoja. Mgumu unabaki hata kama ni wa kahawia, rangi inadanganya kwa sababu magome yanaupaka. Ule unaobonyea ukatoa maji, au gamba linavuka unabaki na kamba nyembamba kama ya katani, huo umekufa, kata mpaka kwenye sehemu ngumu. Utashtuka unavyobaki na mizizi michache. Chungu kipya kiwe kikubwa kidogo tu kuliko mizizi iliyobaki, na mara nyingine kinakuwa kile kile au hata kidogo zaidi, hapo watu wananibishia sana, wanataka chungu kikubwa ili "ikue". Chungu kikubwa kinabeba maji mengi ambayo hakuna wa kuyanywa. Majani yaanzie usawa wa juu wa magome, usizike ule moyo wa katikati majani yanapotokea. Kama umekata mizizi mingi subiri siku 3 mpaka 5 ndo umwagilie, mbolea sahau mwezi mzima.

Cha kuweka ndani: magome, makumbi, mkaa, mawe, sfagnamu

Hapa ndo mkono wa maji unapoamua, kwa hiyo sitakwambia ipi ni bora, nitakwambia ipi ni ya nani.

Magome ya paini ndo kawaida ya dunia nzima. Huku kwetu hayauzwi kwa pakiti kirahisi, ila kwenye mashine za mbao ukiomba gome wanakushangaa halafu wanakupa bure. Chagua ya mbao ambayo haijapakwa dawa, pasua vipande vya ukubwa wa kucha ya dole gumba, chemsha kuua wadudu, anika. Yanakaa miaka 2 hivi. Yanafaa mtu wa kati, anayemwagilia mara moja kwa wiki bila drama. Mwanzoni magome makavu yanakataa maji, yanateleza tu yanatoka chini, loweka usiku mzima kabla ya kutumia.

Makumbi ya nazi ni rahisi kupata, wauza nazi wa soko la Kilombero hapa Arusha wanayatupa, na Moshi Mbuyuni vile vile. Yanashika maji kuliko magome. Mtu wa kusahau, hasa wa Moshi kwenye joto, hii ni yako. Mtu wa jagi kaa mbali nayo. Na kuna kazi: nazi za pwani makumbi yake yana chumvi, lazima uyakate uloweke siku 2 au 3 ukibadilisha maji, maji ya kwanza yanatoka rangi ya chai ya rangi iliyokolea, endelea mpaka yawe meupe. Rafiki yangu aliruka hiyo hatua, ncha za mizizi zikaungua nyeusi zote.

Mkaa ule ule wa kupikia, umevunjwa umeoshwa vumbi, hauozi na unapitisha hewa vizuri. Mi naweka kama robo ya mchanganyiko. Peke yake unakauka haraka mno kwa Moshi, kwa Arusha na mtu wa jagi unaweza hata kuwa nusu. Ubaya wake unashika chumvi za maji na mbolea taratibu, kwa hiyo nao una mwisho. Usitumie mkaa wa kutengenezwa wa kubanwa, una gundi.

Mawe mepesi ya volkano yenye matundu, haya jamani tumeyakalia, ukichimba msingi Arusha unayatoa ndoo kwa ndoo na watu wanayamwaga njiani. Hayaozi maisha. Chekecha utoe mchanga, osha. Uzito wake unasaidia chungu kisianguke mmea ukiwa na bua refu. Mtu ambaye hataki kuhamisha kila baada ya miaka 2 achanganye nusu mawe nusu magome, atapumzika muda mrefu.

Sfagnamu ni nzuri kwa mmea mgonjwa wenye mizizi miwili tu unaotaka kuufufua, inashika maji kama sponji, ila inaagizwa nje, bei yake inauma, na Arusha mwezi wa 7 haikauki kabisa. Maranda hapana, yanashikana. Maganda ya kahawa na pumba za mpunga hapana pia, yanalala yanabana hewa, najua Moshi mnayo bure na ndo maana mnajaribu. Udongo wa bustani usiuguse hata kijiko, okidi hii kwenye udongo inakosa hewa kama mtu aliyefunikwa godoro.

Mi mchanganyiko wangu wa Sekei sasa hivi ni magome nusu, mkaa robo, mawe robo. Dada ni makumbi nusu, magome nusu, na mkaa wa kuonja. Tungebadilishana ya kwangu ingekufa kwa kiu kule na yake ingeoza huku.

Na maji yenyewe. Arusha tunajulikana kwa floraidi, meno ya kahawia sio siri, maji mengi ya huku chini ya Meru yana madini mengi, na kwenye chungu yanaacha ukoko mweupe juu ya magome na kwenye ukingo. Okidi haipendi chumvi. Kinga maji ya mvua kwenye pipa, masika na vuli vinatosha kabisa kwa vyungu vitatu vinne, na kama huna pipa basi kila mwezi pitisha maji mengi kwenye chungu mpaka yatiririke chini kwa dakika kadhaa yaondoke na chumvi. Dada hana tatizo hili kwa kiasi hiki, maji ya bomba yake yanatoka chemchemi za mlimani, na anapenda kunikumbusha.

Chungu cha udongo na cha plastiki

Fupi. Cha udongo kinapumua, kinakausha haraka, kinafaa mtu wa jagi, na Arusha kipindi cha baridi kinasaidia unyevu usikae. Ila kwa Moshi kinakausha ndani ya siku 2, na mizizi inajigandisha kwenye ukuta wake, siku ya kuhamisha unaivunja au unavunja chungu. Cha plastiki kinachoonyesha ndani mi ndo napenda, unaona mizizi bila kuuliza. Sio lazima ununue, kata chupa kubwa ya maji, toboa matundu mengi kwa msumari wa moto, chini na pembeni pia, basi. Kile chungu kizuri cha kauri kisicho na tundu walichokuuzia nacho kiwe cha kuvalisha tu, mwagilia ikiwa imetolewa, ichuje, ndo uirudishe. Maji yakibaki chini humo hata siku 4 umemaliza mmea.

Mkasi, wembe, na kidonda

Hiki ndo kitu watu wanakiruka kabisa. Okidi zina virusi vinavyohama kwa utomvu, na virusi havina dawa, mmea ukipata umepata. Unakata wa kwanza unaenda wa pili na mkasi ule ule, umesambaza. Wembe mpya kwa kila mmea ndo njia ya bei rahisi kuliko zote, wembe ni bei gani? Kama unatumia mkasi wa kupogolea, pitisha makali kwenye moto wa gesi mpaka yapate moto haswa, acha upoe. Spiriti inaua bakteria na fangasi vizuri, ila kwa virusi siiamini peke yake. Jiki inafanya kazi ila inakula chuma, suuza na upake mafuta baadaye.

Kwenye kidonda, mdalasini wa unga wa jikoni ndo ushauri unaozunguka kila mahali. Kwenye jani au kisiki cha bua sawa, paka kidogo unakausha na kuzuia fangasi. Kwenye mizizi usimwage, unakausha mpaka mizima. Nilimwaga. Ile okidi ilinukia chai ya maziwa wiki nzima na mizizi miwili mizuri ikafa.

Jani la kijani hata likiwa baya usilikate, ndo ghala lake. La njano la chini subiri likauke litatoka lenyewe kwa kuvuta kidogo.

Kama okidi yako sio hii ya kipepeo, baadhi ya haya yanageuka. Dendrobium zile fimbo za zamani zisizo na majani usizikate kwa kudhani zimekufa, zimehifadhi chakula na zinaweza kuchanua tena, kata iliyosinyaa na kukauka kabisa. Cymbidium inapenda ubaridi, Arusha inafurahi, Moshi inasuasua, na ukiigawa wakati wa kuhamisha acha vitunguu vyake (vile vivimbe vya shina) angalau vitatu kila fungu. Vanda ya kuning'iniza bila chochote ndani ni ya Moshi, huku kwangu mwezi wa 7 ilinuna nikampa dada. Na zile za msituni wanazouza barabarani zimeng'olewa na kipande cha gome, usinunue. Biashara ya okidi za porini inabanwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, na zaidi ya hapo nyingi zikifika sebuleni hazimalizi mwaka.

Kwa hiyo kama leo umeshika mkasi na bua bado la kijani, hesabu majani. Matano kwenda juu na uko Moshi, kata juu ya jicho. Matano kwenda juu na uko Arusha, chagua unavyotaka, mi siku hizi nakata chini na kusubiri baridi. Chini ya matano, popote ulipo, kata chini, fungua chungu, uone mizizi.

Ya kwangu ya kwanza, ile iliyotaka kufa, ina majani 6 sasa na mwezi uliopita ilitokeza kitu kidogo pembeni chenye ncha kama glovu ya kidole kimoja. Mzizi ncha yake inakuwa mviringo na inang'aa, bua linakuwa bapa kidogo kama hivi. Nimempigia dada video ili aone. Ameangalia weee, akasema "mdogo wangu huo ni mzizi." Tunasubiri wiki 2 tuone nani anajua.